Mkandarasi Akichora Barabara Mwenyewe: Mambo Yanayompasa Mkulima wa Skimu Kuyajua

Ndugu mkulima, huenda ukauliza: gazeti la wakulima lina shauri gani na kandarasi za barabara? Je, hayo si mambo ya mainjinia na mawakili wa Nairobi? Swali lako ni la haki. Mimi mwenyewe nilikuwa na fikira hiyo mpaka Novemba 2023, ofisi iliponituma Madogo kuandika hesabu ya mazao yaliyokwama.

Mto Tana ulikuwa umefurika, na barabara kuu ya Garissa kwenda Nairobi ilikuwa imekatika pale Kona Punda, kati ya Madogo na daraja. Upande wa Madogo nilikuta malori ya matikiti kutoka Bura yakingoja kuvuka kwenda soko la Garissa. Ng'ambo ya pili, ndizi za mashamba ya Garissa zilikuwa zikingoja kwenda Nairobi. Matikiti ya chini kabisa yalikuwa yamekwisha pasuka, na maji yake yalichuruzika barabarani na kuita nzi. Mama mmoja, mwenye mzigo huo, aliniuliza kama ninaandika ili alipwe. Nilimwambia kweli, kwamba ninaandika tu.

Barabara ilitengenezwa. Lakini Aprili 2024 maji yalirudi, na mahali pale pale pakazama tena. Tarehe 28 ya mwezi huo mashua iliyokuwa ikivusha abiria ikapinduka. Watu 23 waliokolewa, na wengine wakafa maji.

Tangu siku hizo nimekuwa nikisoma habari za kandarasi kila nipatapo nafasi, maana barabara zetu hazijengwi na katapila peke yake. Kwanza hujengwa na karatasi. Tena namna ya karatasi hiyo inabadilika siku hizi, na mabadiliko hayo yanakuhusu wewe uliye na ekari tatu za mahindi ya mbegu au ya vitunguu kando ya mfereji. Nitakueleza jinsi nilivyoelewa, nawe utanisahihisha unaponiona ofisini.

NJIA TULIYOIZOEA

Katika njia ya zamani kuna watu watatu. Wa kwanza ni mwenye kazi, yaani Serikali. Kwa barabara kuu, Serikali husimama kupitia Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, na kwa barabara za mashambani kupitia KeRRA. Zote mbili zilianzishwa chini ya Sheria ya Barabara ya 2007. Wa pili ni injinia mshauri. Huyu hupima ardhi, huchimba vishimo kuchungua udongo, huhesabu maji, kisha huchora barabara yote kutoka kalvati ya kwanza hadi ya mwisho. Pamoja na michoro huandika orodha ndefu ya kazi: mita kadhaa za mtaro, tani kadhaa za changarawe, kalvati kadhaa za upana fulani. Wa tatu ni mkandarasi. Yeye hupewa michoro na orodha, huandika bei yake mbele ya kila kazi, na akishinda zabuni hujenga kama alivyochorewa. Hulipwa kwa kipimo. Akichimba mita mia moja za mtaro, hulipwa mita mia moja.

Njia hii ina faida moja kubwa kwa mkulima, nayo ni kwamba unaweza kuchelewa kusema. Kama katapila limekwisha fika kwenye ploti zenu, nanyi mkaona kwamba laga fulani haikuwekewa kalvati, bado mnaweza kwenda kwa chifu, chifu akaenda kwa injinia msimamizi, na injinia akaandika amri ya kuongeza kalvati. Mkandarasi hatagomba sana, maana kalvati ya nyongeza ni malipo ya nyongeza. Atakayetoa fedha ni Serikali.

Ubaya wake ni mbili. Kwanza, inachukua muda mrefu, kwa kuwa mchoraji hana budi kumaliza kabla mjenzi hajaitwa. Pili, kazi ikiharibika huwezi kumjua mwenye kosa.

HABARI ZA GHALA MBILI

Hapo niruhusu nitoke barabarani kidogo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, iliyokuwa ikijenga ghala la mbolea. Mchoro ulifanywa na bwana mmoja wa mjini, na ujenzi ukapewa fundi mwingine. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yaliingia chini ya mlango na kulowesha magunia ya safu ya chini. Mchoraji alisema fundi aliushusha msingi. Fundi alisema aliujenga kama karatasi ilivyosema. Tuliandika barua kumi na moja. Nazijua idadi yake kwa sababu mimi ndiye niliyezipiga chapa. Mbolea iliganda kama mawe huku barua zikienda na kurudi, na mwisho wake hakuna aliyelipa.

Basi ghala la pili lilipotakiwa, mkubwa wetu alisema: safari hii tumpe mtu mmoja, achore yeye na ajenge yeye, tujue wa kumshika. Tukamwandikia barua fupi kwamba tunataka ghala la magunia 400, liwe imara, lisiingie maji, kwa bei hii. Fundi alikuwa hodari. Alimaliza upesi, ghala likabeba magunia 400 kamili, na halikuingia tone la maji. Walakini halikuwa na dirisha hata moja. Katika joto la huku kwetu ghala lile lilikuwa tanuri. Tuliweka mbegu ya mahindi humo, na ilipopandwa, nyingi haikuota. Tulipomwita fundi alikuja na barua yetu mkononi, akatuomba tumwonyeshe neno dirisha.

Weka habari hizi mbili moyoni, maana yote yatakayofuata ni ghala la pili likiwa limenyooshwa mpaka likawa barabara.

KANDARASI YA KUCHORA NA KUJENGA

Njia mpya, ambayo kwa kweli si mpya sana duniani, ni hiyo ya mtu mmoja. Serikali haichori barabara yote. Huandika karatasi inayoitwa Mahitaji ya Mwenye Kazi: barabara itoke hapa ifike pale, ibebe malori ya uzito huu, idumu miaka kadhaa, ipitike hata mto ukifika kimo fulani. Makampuni husoma mahitaji hayo, na kila moja huleta mchoro wake wa kwanza pamoja na bei moja ya jumla. Kampuni inayoshinda humaliza kuchora, na huanza kujenga hata kabla michoro ya mwisho haijakamilika yote. Ikikosea kuchora, haina wa kumsingizia.

Wahandisi washauri wa dunia wana shirikisho lao liitwalo FIDIC, lililoanzishwa mwaka 1913, ambalo huandika mikataba ya mfano itumikayo nchi nyingi, na yetu pia. Mikataba hiyo hujulikana kwa rangi ya jalada. Kitabu Chekundu ni cha njia ya zamani, ambapo mwenye kazi ndiye anayechora. Kitabu cha Manjano ni cha mkandarasi anayechora na kujenga. Kipo pia cha rangi ya fedha, ambacho humtwika mkandarasi karibu hatari zote, hata za udongo ambao hakuna aliyeutazamia. Anayekubali kitabu hicho huongeza bei ili ajilinde.

Katika Kitabu cha Manjano kuna sharti moja ambalo nalipenda kuliko yote. Linasema kwamba kazi ikimalizika iwe inafaa kwa kusudi lake, kama kusudi hilo lilivyoandikwa katika mkataba. Soma tena maneno ya mwisho. Kama imeandikwa kwamba barabara ipitike wakati wa mafuriko ya kimo fulani, na maji yakafika kimo hicho barabara ikakatika, mkandarasi ana deni. Ikiwa imeandikwa tu kwamba kuwe na kilomita 20 za lami zenye upana wa mita 7, basi hizo ndizo utakazopata.

Hapo ndipo hatari yetu ilipo. Bei ni moja ya jumla, wala hakuna malipo ya kila kalvati. Mkandarasi akiweza kutimiza mahitaji kwa kalvati 30 badala ya 40, zile kumi ni faida yake. Si lazima awe mwizi. Huenda ni mtu mwaminifu ambaye mchoraji wake amehesabu kwamba 30 zatosha, kwa kuwa hakuna aliyemwambia habari za laga ile inayopita mara moja kila miaka saba. Nawe ukija na malalamiko katapila likiwa limefika, jibu lake litakuwa lile la fundi wetu wa ghala: nionyesheni palipoandikwa. Kalvati hiyo yaweza kuongezwa, lakini sasa ni mabadiliko ya mkataba, nayo yana bei mpya, majadiliano mapya na siku za ziada.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, wakati wa kusema umesogea nyuma. Zamani ulisema wakati wa kujenga. Sasa hapana budi useme kabla zabuni haijatangazwa.

WENZETU WALIVYOFANYA

Usidhani nazikataa kandarasi za namna hii. Zimefanya mambo makubwa. Huko Marekani, katika mji wa Minneapolis, daraja la barabara kuu iitwayo I-35W lilianguka mtoni tarehe 1 Agosti 2007, na watu 13 wakafa. Serikali ya jimbo ilitoa kandarasi ya kuchora na kujenga kwa makampuni yaliyoungana ya Flatiron na Manson, na daraja jipya likafunguliwa tarehe 18 Septemba 2008, zaidi ya miezi mitatu kabla ya siku iliyowekwa. Hesabu mwenyewe: kutoka kuanguka hadi kufunguliwa haikupita hata miezi 14. Kwa njia ya zamani mchoraji huenda angekuwa bado mezani.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba walioshinda ndio waliokuwa na bei kubwa kuliko wote, na hakuna aliyeomba siku nyingi kuliko wao. Walishinda kwa sababu mchoro wao na mpango wao wa kusikiliza wenyeji vilipewa alama za juu. Walioshindwa walilalamika, lakini kandarasi haikubadilishwa. Katika kuchora na kujenga, kuchagua bei ya chini peke yake ni hatari, kwa kuwa hushindanishi bei za kitu kimoja. Unashindanisha vitu mbalimbali, kama mtu anayelinganisha bei ya ng'ombe na ya punda.

Jirani zetu Uganda nao wameijaribu. Barabara ya mwendo wa kasi ya Kampala hadi Entebbe, iliyoanza kujengwa 2012 na kufunguliwa Juni 2018, ilichorwa na kujengwa na kampuni ya Kichina ya CCCC kwa mkopo wa benki ya China. Barabara ipo na inatumika. Walakini Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Uganda aliandika kwamba gharama yake ilikuwa ya juu sana, na kwamba mkandarasi hakushindanishwa na wengine. Baadaye Uganda ilitumia njia hiyo kwa barabara za eneo la mafuta, kama ile ya kilomita 111 kutoka Hoima kupita Butiaba hadi Wanseko. Haraka ya mafuta haikuruhusu kungoja michoro.

Nairobi kwetu, wengi mmeiona barabara ya juu ya kilomita 27 iliyofunguliwa 2022. Huko mjenzi alichora, akaleta fedha, akajenga, naye hukusanya ada kwa wenye magari. Na katika Kajiado kuna barabara za kilomita 91 hivi, ya Ngong hadi Isinya pamoja na ya Kajiado hadi Imaroro, ambazo mkandarasi alizijenga kwa fedha alizotafuta mwenyewe, kisha akatakiwa kuzitunza kwa miaka 8 huku Serikali ikimlipa kidogo kidogo. Mpango huo wa kutunza una akili ndani yake. Mtu anayejua kwamba shimo litakalotokea mwaka wa tano ni lake kuziba, hatapunguza kalvati kwa urahisi. Ningekuwa na sauti katika mambo haya, ningetaka kila kandarasi ya kuchora na kujenga katika nchi ya laga iwe na miaka ya kutunza nyuma yake.

NA HUKU KWETU?

Huku kwetu tuliahidiwa kubwa zaidi. Katikati ya miaka ya 2010 ilitangazwa kwamba barabara ya kutoka Lamu kupita Garissa hadi Isiolo, kilomita 530 hivi, ingechorwa, igharimiwe na kujengwa na muungano wa Benki ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika na kampuni ya Group Five ya Afrika Kusini. Ilikuwa sehemu ya mpango wa LAPSSET. Wazee walioisikia habari hiyo redioni walianza kuuliza bei ya ardhi kando ya njia. Mpango haukufika popote, na mwaka 2019 kampuni ya Group Five yenyewe ililemewa na madeni ikawekwa chini ya wasimamizi. Baadaye kazi ya Lamu hadi Garissa ilipewa CCCC, na kujengwa kwake kumesumbuliwa mara kadhaa na mashambulizi huko Lamu, ambamo wafanyakazi wameuawa.

Naitaja habari hii kwa sababu watu husema kwamba ukimpa mtu mmoja kazi yote, basi shida zimekwisha. Shida za fedha hazikwishi. Mkandarasi asipolipwa hulaza mitambo yake, awe amechora au hakuchora. Mwaka 2025 Serikali ilitenga shilingi 7 katika kila shilingi 25 za ushuru wa matengenezo ya barabara, ushuru ambao wewe hulipa kila ununuapo mafuta ya pampu au ya pikipiki, ili kupata fedha za kuwalipa makandarasi waliodai kwa miaka mingi. Kwa hiyo ukisikia kandarasi mpya, uliza pia fedha zinatoka wapi.

Iko sababu ya kweli ya njia hii kufaa katika nchi yetu, nayo ni udongo. Kutoka Garissa kwenda Modogashe na Wajir, changarawe nzuri haipatikani kila mahali. Bura kuna udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua na kuvimba wakati wa mvua, ambao hata nyumba ya mtu hauiachi salama. Mkandarasi anayechora mwenyewe anaweza kusema: badala ya kusomba changarawe kilomita 80, nitachanganya mchanga wa hapa na saruji au chokaa. Akiwa amefungwa na mchoro wa mtu mwingine hawezi kufanya hivyo bila barua nyingi.

MAMBO YA KUTIA KATIKA MAHITAJI

Sasa nifike kwa kazi yako. Kabla mradi haujaidhinishwa, Sheria ya Mazingira ya 1999 hutaka madhara yake yachunguzwe na wananchi waulizwe. Ndiyo zile baraza ambazo wengi wetu huenda kwa ajili ya soda. Katika njia mpya baraza hiyo hufanywa wakati michoro kamili haijachorwa bado. Utaonyeshwa mstari tu juu ya ramani. Wengi hutazama mstari, wakaona haupiti ploti yao, wakarudi nyumbani. Hilo ni kosa. Mstari usiopita shambani mwako waweza kuzamisha shamba lako.

Fikiri hivi. Barabara iliyoinuliwa katika bonde la mto ni ukuta. Maji yanayotoka Tana, au yanayoteremka kwa laga, hufika kwenye ukuta huo na kutafuta tundu. Matundu yakiwa machache, maji hukusanyika upande mmoja mpaka yapande juu ya lami, na yakipanda hula ukingo wa upande wa pili na barabara ikakatika. Kabla ya kukatika yamekwisha kaa siku kadhaa juu ya mimea ya yule aliye upande wa juu. Kwa hiyo anayeomba barabara iinuliwe bila kuomba matundu anaomba ziwa. Mahali pengine hata isiinuliwe. Iwekwe drifti, yaani kivuko cha saruji ambacho maji hupita juu yake kwa saa chache kisha gari hupita. Kwenye laga ndogo jambo hili ni rahisi zaidi na hudumu.

Mainjinia wana hesabu zao za mafuriko, na sizidharau. Lakini hesabu hutaka kumbukumbu, na kwa laga nyingi za huku hakuna mtu aliyepata kuweka kipimo. Kumbukumbu iko kwenye mibuyu na kuta za nyumba zenu. Maji ya El Niño ya 1997 na 1998 yalifika wapi? Ya 2018? Ya Novemba 2023 na ya Aprili na Mei 2024? Kumbukeni pia kwamba mabwawa ya juu, kama Masinga na Kiambere, yakijaa na kumwaga, maji hutufikia bila mvua kunyesha hapa hata tone. Mchoraji wa kigeni anayetazama mbingu kavu za Bura huenda asilifikirie jambo hilo. Tena taarifa za namna hii hupunguza bei, maana mkandarasi asiyejua maji yatafika wapi huongeza fedha kwa ajili ya hofu yake.

Mifereji nayo isisahauliwe. Ninyi mlio Bura na Hola mna mifereji ya kuleta maji na mitaro ya kuyatoa. Barabara ikivuka mfereji, kalvati yake lazima iwe kwa kimo cha mfereji, si kwa kimo kinachomfaa mjenzi. Iandikwe wazi kwamba maji ya kunyweshea hayatafungwa wakati wa kujenga bila taarifa ya siku kadhaa kwa ofisi ya skimu na kwa wakulima wenyewe. Mahindi yanayotoa mbelewele hayangoji saruji ikauke.

Kuna mashimo. Mkandarasi huchimba udongo na changarawe kando ya njia, na akiondoka mashimo hubaki. Mashimo hayo yakiachwa ovyo huzaa mbu na kuua mbuzi. Yakisawazishwa kingo na kuwekewa njia ya kuingilia maji, huwa silanga nzuri ya kunyweshea mifugo. Tofauti kati ya hayo mawili ni sentensi moja katika mahitaji. Vivyo hivyo visima ambavyo mkandarasi huchimba kupata maji ya ujenzi: viandikwe kwamba vitakabidhiwa kwa wananchi vikiwa na pampu inayofanya kazi. Ndugu zetu wafugaji nao waonyeshe njia za ng'ombe na ngamia za kwenda mtoni. Ngamia akikosa njia yake atapita kwenye vitunguu vyako, na kesi itafika kwa chifu.

Kuhusu ardhi, usidanganywe na mtu yeyote mwenye kofia ya plastiki. Hata mkandarasi akiwa amechora mwenyewe, hana mamlaka ya kuchukua ardhi ya mtu. Kazi hiyo ni ya Serikali kupitia Tume ya Taifa ya Ardhi, kwa taarifa iliyoandikwa na kwa fidia. Na kama ploti yako iko chini ya skimu, peleka barua yoyote utakayopewa katika ofisi ya skimu kabla ya kutia kidole.

BAADA YA KANDARASI KUTIWA SAHIHI

Je, Serikali hulala baada ya hapo? La. Mkandarasi huleta michoro yake kwa msimamizi wa mwenye kazi ili itazamwe. Kitabu cha Manjano humpa msimamizi huyo siku 21 za kuitazama, mkataba usiposema vingine. Siku 21 si nyingi, hasa ikiwa michoro inakuja kwa mafungu huku katapila likinguruma. Lakini ni nafasi. Chama chenu cha wakulima au kamati yenu ya maji yaweza kumwandikia msimamizi mapema, kumwomba mchoro wa sehemu inayopita skimu uletwe ubandikwe kwa chifu au katika ofisi ya skimu. Barua iwe fupi, yenye jina la mahali na alama ya kilomita. Barua ya kurasa nne husomwa na karani peke yake, nami nasema hayo nikiwa karani.

Msijadiliane na madereva wa mitambo. Nimeona watu wakimpa dereva mbuzi ili apitishe mtaro upande mwingine. Dereva alikula mbuzi, na mtaro ukapita palipochorwa.

Sasa nina ombi. Tangu Juni 2024 nimeweka daftari katika ofisi yetu, nimeliandika juu yake ALAMA ZA MAJI. Kila mkulima anayekuja kuchukua mbegu au dawa namwuliza kama nyumbani kwake kuna mti, nguzo au ukuta wenye alama ya mafuriko, ni ya mwaka gani, na inafika kiunoni, kifuani au juu ya mlango. Wengine hunicheka, kisha wakirudi huja na kamba yenye fundo. Ukiwa na alama kama hiyo, usiifute unapopaka chokaa. Chora mstari kwa msumari, andika mwaka, pima kutoka chini kwa futi ya fundi, ulete namba. Daftari liko juu ya meza ya kushoto ukiingia, siku zote za kazi kuanzia saa mbili asubuhi. Nisipokuwako, liandike mwenyewe. Kalamu imefungwa kwa uzi.